Saa Inayojua Kulegeza

Kaa hapa karibu, wewe uliyerithi meza yangu ya kazi, usikilize. Huna haja ya kuweka chini bisibisi; mimi mwenyewe mambo mengi mazuri niliyasikia mikono ikiwa kazini. Ninyi wa ateliye mmeniuliza mara nyingi, na siku ya kuniaga mliniuliza tena: ile mashine ndefu iliyoko kanisani, yenye mkono mweupe na kanyagio la mbao, ni ya nini, na kwa nini haina sauti? Siku ile mdomo wangu ulikuwa umejaa samaki. Sasa nimestaafu, mdomo uko wazi, na nafasi ninayo.

Sitawaeleza nani alipandishwa cheo na lini. Cheo huondoka na mwenye nacho, bali kebo iliyofungwa vizuri hubaki. Nitawaeleza juu ya kazi moja tu, ile ninayoionea fahari kuliko zote, na watu walionifundisha kuifanya.

Niliingia ateliye ya reli, karakana hii hii, mwaka wa uhuru, 1960, mji wetu ukiwa bado unaitwa kwa jina la mfalme wa watu wengine. Nilizaliwa Nyunzu. Baba yangu alikuwa mtu wa breki kwenye treni za mizigo, na nyumbani kwetu neno breki lilitajwa kama kwingine wanavyotaja chumvi. Mama alipotaka tuache kelele alisema, "Fungeni breki." Kumbukeni jambo hilo, maana litarudi.

Nilitumwa kwenye chumba cha saa. Mzungu aliyekisimamia alikuwa amekwenda zake na kuacha koti lake la kazi msumarini. Hakuna aliyethubutu kulivaa. Papa Kabange, aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka mingi na sasa ndiye fundi mkuu, alilichukua akalifanya kifuniko cha saa, vumbi lisiingie. Alisema koti lile halijawahi kufanya kazi vizuri namna hiyo.

Siku ya kwanza hakunipa chombo chochote. Aliniketisha mbele ya saa tatu za ukutani, akaniambia nifumbe macho.

"Iko moja mugonjwa. Njo gani, ya ngapi?"

Nilisikiliza mpaka shingo ikauma. "Ile ya katikati, Papa."

"Iko na nini?"

"Inachechemea. Hatua moja ndefu, hatua moja fupi."

"Muzuri. Kesho nitakupa bisibisi."

Na kweli, kesho yake alinipa. Miezi ya mwanzo tulikuwa tukisafiri kwa treni kwenda kutia funguo saa za vituo vya njiani, hadi Nyunzu, na katika kila kituo aliniambia nisikilize kwanza kabla ya kufungua kioo. Baadaye mambo ya nchi yalichafuka, reli ikawa inakatika, na vipuri vikaacha kuja. Tukajifunza kuichinja saa moja ili nyingine mbili ziishi. Si njia ya fahari, lakini inafundisha: saa uliyoivunja kwa mikono yako mwenyewe hutaisahau tena.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa tatu pale Mwalimu Donati alipoingia mlangoni na kitu kilichofungwa kwa kitambaa.

Mwalimu Donati alifundisha shule ya msingi na kuongoza kwaya ya parokia. Kwao ni Zongwe, kando ya ziwa, na ukoo wake ni wa wapiga makasia. Nyimbo zilizofanya kwaya yake ipendwe alizitoa huko: zilikuwa nyimbo za mtumbwi, naye akazipa maneno ya sala. Watu walikuwa wakiingia kanisani mapema ili wapate kiti cha karibu.

"Jambo, Papa Kabange."

"Jambo, Mwalimu. Umetuletea mugonjwa?"

"Kasaa ka kugonga. Masista walikaacha. Walisema kanafundisha watu kuimba pamoja. Sasa kamekufa."

Alifungua kitambaa. Kilikuwa metronomu, kifaa cha wanamuziki. Kwa mtu asiyekijua: ni kijisanduku chenye umbo la paa la nyumba ndogo, ndani yake mna mtambo wa saa, na mbele kina fimbo nyembamba ya chuma inayoyumba kulia na kushoto ikigonga tak, tak, tak. Kwenye fimbo kuna kizito kidogo unachoweza kukisogeza. Ukikipandisha, fimbo inayumba polepole, ukikishusha, inaharakisha. Ukishachagua mwendo, kifaa kinaendelea hivyo hivyo bila kumjali mtu.

Nilichokiona zaidi, lakini, ni mikono ya Mwalimu. Ilikuwa ikitetemeka. Alipokiweka kile kifaa mezani alikikandamiza kwa viganja vyote viwili, kana kwamba ndicho kilichokuwa kikitetemeka. Papa Kabange alianza kuongea habari za bei ya mihogo, nami nikainamia vyombo vyangu.

Kasaa kenyewe kalikuwa na ugonjwa mwepesi: springi ilichomoka kwenye ndoano yake. Nilikarudisha mwenyewe kanisani, wakati kwaya inafanya mazoezi, na Mwalimu akaniomba nibaki nione.

Akakatia ufunguo, akakaweka juu ya kiti, kakaanza kugonga. Waimbaji wakaanza wimbo mmoja wa ziwa. Mistari miwili ya mwanzo ilikwenda. Halafu wakafika mahali ambapo wimbo unavuta pumzi, mahali ambapo, kwenye mtumbwi, makasia yote yako nje ya maji na chombo kinateleza chenyewe. Watu wakapumua. Kasaa hakakupumua. Waliporudi, nusu walifuata kasaa na nusu walifuata wimbo, na kanisa likajaa kelele kama soko la asubuhi.

Mama Veronika alinyanyua mkono. Huyu aliongoza sauti za juu za wanawake. Alikuwa akiuza ndagala, wale dagaa wa ziwa, sokoni, na sauti yake ilisikika mpaka bandarini bila msaada wa upepo.

"Mwalimu, haka kasaa hakana pumuzi! Siye tukipumua kidogo tu, kenyewe kamekwisha kufika Kigoma!"

Watu walicheka, Mwalimu pia. Kisha akakazima kasaa, akanyanyua mikono yake ili aongoze mwenyewe kama zamani. Hapo ndipo kicheko kilipokwisha. Vidole vilikuwa vikitikisika hewani, na waimbaji wakimtazama kwa macho ya huruma, kila mmoja akibahatisha pigo lake.

Baadaye alinisindikiza mpaka nje.

"Gastoni, umeona. Mukono unawaambia mapigo kumi pale mimi nasema moja. Padri ni muntu wa heshima, hakunificha. Alisema, Mwalimu, tungoje mpaka Pasaka. Kama kwaya haiimbi pamoja siku hiyo, nitamupa Etienne."

Etienne alikuwa mwalimu kijana, mpiga harmoniamu, kile kinanda cha kanisani.

"Etienne iko mubaya?" nikauliza.

"Hapana, njo kijana muzuri sana. Lakini hajue nyimbo za Zongwe, na kwenye harmoniamu hakuna mahali pa kuziweka. Zimo ndani yangu tu. Nikitoka mimi, zinatoka na mimi." Aliificha mikono mifukoni. "Unaweza kunitengenezea kasaa kenye kujua kungojea?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa kijana, na neno ndiyo lilikuwa karibu na ulimi.

Niliporudi ateliye nikamweleza Papa Kabange. Aliweka chini kikombe chake.

"Umesema ndiyo?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi tuanze kuogopa mapema, wakati nafasi iko."

Chefu wa ateliye alituruhusu kutumia vyuma vya kutupwa baada ya saa za kazi. "Lakini nikikuta mukono wa signale yangu ya treni mu kanisa," alisema, "Gastoni, utaimba peke yako."

Sasa nieleze polepole jinsi tulivyofikiri. Hakuna kigumu hapa. Kila mmoja wenu anaweza kukielewa.

Kwanza, haikufaa igonge. Sauti ya kugonga ni amri, na waimbaji walikuwa wamekwisha kuikataa. Tukaamua mashine yetu ionekane badala ya kusikika. Tukachukua mtambo wa saa ya kituo iliyovunjika, ule unaoendeshwa na kizito kinachoshuka kwa mnyororo, ili isitegemee umeme. Maana umeme wa mitambo ya maji ya Bendera ulikuwa mzuri sana siku ulizoamua kuja. Ule ulimi unaoachilia meno ya gurudumu moja baada ya jingine tuliuvika ngozi laini, ukanyamaza. Juu yake tukaweka fimbo ndefu ya mbao nyepesi, tukaipaka rangi nyeupe, ionekane hadi safu ya nyuma ya besi. Yote hayo yakakaa kwenye nguzo yenye kimo cha mtu.

Pili, mwendo ubadilike wakati fimbo ikiwa inayumba, bila kuisimamisha. Kwenye kasaa ka masista unasogeza kizito kwa kidole, nayo fimbo lazima isimame. Mwalimu hakuweza kutumia vidole, ila miguu yake ilikuwa mizima. Basi tukatafuta kanyagio. Kutoka kwenye kanyagio tukapitisha kebo ya pikipiki moja iliyokuwa imelala nyuma ya ateliye tangu kabla sijafika. Kebo ya namna ile inapinda kokote na bado inavuta. Upande wa pili tukaizungusha kwenye kigurudumu kidogo nchani mwa fimbo, ikashuka na kufungwa kwenye kizito, kipande cha risasi chenye tundu katikati, kinachopanda na kushuka kwenye fimbo. Risasi ninayosema ni madini yale mazito, si ya bunduki. Miaka ile ilibidi kueleza tofauti.

Mara ya kwanza nilipokanyaga, kizito kilipanda vizuri, lakini mkono mzima ukainamia upande wa kebo, ukakwama. Nikajaribu kebo nyingine, nyepesi. Ukakwama tena. Papa Kabange alikuwa akitazama huku anakula kipande cha muhogo.

"Ukimwita muntu kwa kumuvuta shati," alisema, "atakuja. Lakini hatakuja wima."

"Sasa nimuvute wapi, Papa?"

"Mahali pasipotembea."

Nililala nikiwaza neno hilo, na asubuhi nikalipata. Katika kitu kinachoyumba kuna mahali pamoja pasipokwenda kulia wala kushoto: pale kilipoegemea, kwenye kijiti kinachokibeba. Kebo ikipita katikati kabisa ya kile kijiti, hata mkono uyumbe namna gani, kebo haiuvuti pembeni. Kwa hiyo tulitoboa kijiti cha chuma kutoka mwanzo mpaka mwisho. Keekee tulizovunja siwezi kuzitaja mbele ya chefu wenu. Lakini tundu lilipotoboka, na nikapuliza hewa upande huu ikatokea upande ule, Papa Kabange aliliangalia tundu lile kama mtu anayeangalia mtoto mchanga. Alinimegea muhogo.

Tukaongeza kipande cha ngozi kinachosugua fimbo ili kizito kisiruke ghafla, kisogee taratibu. Nikakanyaga: mkono ukachelewa, ukachelewa, bila kusimama. Nikaachia: ukarudi kwenye mwendo. Nilijua kwamba tumeshinda. Chefu alikuja kuona, akauzunguka mara mbili, akasema, "Si signale yangu?" Nikasema si yake. Akasema, "Pole yangu, iko muzuri kuliko yangu."

Tukaipeleka kanisani kwa mkokoteni. Mwalimu Donati akaketi nyuma yake, mguu juu ya kanyagio, na mikono, kwa mara ya kwanza, imetulia mapajani. Nikamweleza: "Ukitaka kuchelewesha, kanyaga. Ukitaka iende, achia."

Mkono ukayumba. Wimbo ukaanza. Na palepale mambo yakaharibika.

Mahali ambapo wimbo ulitaka nguvu, Mwalimu alikanyaga, na mkono ukachelewa. Mahali pa kupumua, mguu wake ulilegea, na mkono ukakimbia. Akajirekebisha, akakosea kinyume. Tulirudia tena na tena. Jasho lilimtoka kana kwamba anabeba magunia. Waimbaji walianza pamoja na kumalizia kila mtu kwenye nyumba yake.

"Mwalimu," Mama Veronika alisema, "mashine yako iko na kichwa kigumu sawa bwana yangu. Ukimwambia njoo, anakwenda."

"Weye ulimuchagua mwenyewe!" besi moja ikajibu kutoka nyuma, na kanisa zima likacheka.

Mwalimu hakucheka. Aliisukuma mikono yake chini ya mapaja na kuikalia. Pasaka haikuwa mbali. Etienne mwenyewe alikuwa amesimama kati ya besi, akitazama sakafu kwa aibu ya jambo lisilokuwa kosa lake. Nikamwendea Mwalimu, nikamweleza tena kwa utaratibu, kama ninavyowaeleza ninyi.

"Ni sawa breki, Mwalimu. Unakanyaga breki, kinapunguza mwendo."

Akaniuliza, "Gastoni, breki ya mutumbwi iko wapi?"

Nikainama kuangalia kanyagio.

"Kesho asubuhi uje ufukoni," akasema. "Uvae suruali ya zamani."

Mimi, mtoto wa Nyunzu, nilikuwa nimeishi mbele ya ziwa miaka yote ile na nilichojua juu yake ni samaki tu. Asubuhi nikamkuta Mwalimu ameketi katikati ya mtumbwi wa kaka yake Mama Veronika, mikono magotini. Mama Veronika mwenyewe alikuwa nyuma na kasia, na mbele yangu kaka yake. Nikapewa kasia. Tukatoka.

Mama Veronika akaanza wimbo uleule wa kanisani, lakini kwa maneno yake ya zamani, ambayo padri asingeyapenda. Nikajifunza kuvuta pamoja nao. Mwili wangu ulianza kuelewa: vuta, pigo liko hapa, toa kasia, pumua, vuta. Niligundua pia kwamba hakuna aliyetazama kasia. Kila mtu alitazama bega la aliye mbele yake. Mtumbwi ulikuwa ukikimbia, nami nikajisikia mtu wa Zongwe.

"Sasa, Gastoni," Mwalimu akasema, "simamisha."

Nikafanya kile ambacho damu yangu yote ilinifundisha. Nikalichovya kasia wima majini, nikalikaza kwa nguvu zangu zote. Mtumbwi ukageuka upande kama punda aliyevutwa sikio, maji yakaingia, nikapoteza kiti, na kama si kaka yake Mama Veronika kunishika ukosi ningekuwa chakula cha hadithi nyingine.

Mama Veronika alicheka mpaka akaacha kasia. "Aaah, mama yangu! Huyu njo mutoto wa treni kweli! Anatafuta breki mu maji!"

Mwalimu Donati alicheka mpaka machozi, na aliyafuta kwa mikono yake bila kuificha. Kisha akaniambia kwa upole, "Legeza, Gastoni. Legeza tu."

Tukaanza upya. Tulipofika kasi ileile, nikalegeza. Sikufanya kingine. Na mtumbwi wenyewe ukapunguza mwendo, taratibu, na wimbo ukapungua nao, ukateleza katika pumzi ndefu, mpaka Mama Veronika alipoamua kutuita tena.

Hapo nikaelewa. Treni ikishashika mwendo inakwenda yenyewe kwa uzito wake, na kazi kubwa ni kuisimamisha. Hiyo ndiyo kazi aliyozeekea baba yangu. Mtumbwi ni kinyume. Kwenda ndiyo kazi, na kupumzika kunakuja kwenyewe ukiacha kufanya kazi. Mguu wa Mwalimu ulikuwa ukitenda sawasawa na alivyotenda babu yake: alipotaka nguvu alitia nguvu, alipotaka pumzi alilegeza. Haukukosea hata mara moja.

"Mwalimu," nikasema, maji yakinichuruzika, "nimekujengea treni."

"Njo vile," akajibu. "Na mimi niliomba mutumbwi."

Tukairudisha mashine ateliye. Papa Kabange aliponisikia alisimama, akaishika mashine kwa mikono miwili. "Basi tuigeuze miguu juu," alisema, kana kwamba alikuwa akilisubiri neno hilo.

Angalieni jinsi ilivyokuwa rahisi. Mwanzoni tuliiga kasaa ka masista: kizito kilikuwa juu ya egemeo, na kikipanda, mwendo unachelewa. Sasa tukakihamishia chini ya egemeo, kikaning'inia kama kizito cha saa ya ukutani. Fimbo nyeupe ilibaki juu kwa ajili ya macho. Kizito kinachoning'inia kikivutwa juu, karibu na egemeo, kinayumba haraka. Kikishuka mbali, kinayumba polepole. Kebo ni ileile, tundu ni lilelile, kanyagio ni lilelile; kigurudumu cha nchani tu ndicho tulichokiondoa. Lakini sasa ukikanyaga unatia nguvu, mkono unaharakisha. Ukilegeza, kizito kinashuka chenyewe kwa taratibu ya ile ngozi, na mkono unapumua.

Safari hii sikumweleza Mwalimu chochote. Niliiweka mbele yake, nikakaa benchi la nyuma. Aliweka mguu. Mkono ukayumba mara chache. Akaujaribu, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Wimbo ulipofika kwenye pumzi, mkono mweupe uliinama upande mmoja na kurudi polepole, kama bega la mtu aliyetoa kasia majini, na watu wote wakapumua nao. Wakarudi kwa sauti moja.

Kisha Mama Veronika akasema, "Sasa haka kamezaliwa Zongwe."

Siku ya Pasaka kanisa lilijaa mpaka nje, watu wa kambi ya reli upande huu na watu wa ziwa upande ule. Papa Kabange alivaa tai, jambo ambalo sikuliona tena mpaka mazishi yake. Chefu alikuja na mkewe na akamwonyesha ule mkono mweupe kwa kidole, kwa namna ambayo mke angeweza kufikiri ni yeye aliyeutengeneza. Mimi nilisimama karibu na mlango. Nilikuwa nimekagua kebo mara nyingi kuliko inavyofaa kebo yoyote kukaguliwa.

Wimbo ule wa ziwa waliuacha uwe wa mwisho. Katikati yake kuna pumzi moja kubwa, kubwa kuliko zote. Zamani, wakati wa safari, ilikuwa pale ambapo mtumbwi unaingia ufukoni na hakuna anayevuta tena. Mwalimu Donati alilegeza mguu. Mkono ukachelewa, ukaenda upande, ukakaa kule kana kwamba unafikiri. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Imekufa." Haikufa. Kwaya nzima ilikuwa ikiutazama, na hakuna aliyetangulia hata kwa nusu ya sauti. Kisha mguu ukakanyaga, mkono ukaja, na waimbaji wakaja nao, sauti zote kwa pamoja, na nikaona mikono ya Mwalimu imelala mapajani, inatetemeka wazi mbele ya watu wote, na hakuna mtu aliyekuwa na haja ya kuitazama.

Baada ya misa, Padri alikuja akasimama mbele ya mashine. Akamwambia Mwalimu, "Mwaka ujao tuimbe nyimbo mbili za namna hiyo." Ndivyo alivyosema, na ndivyo sote tulivyojua kwamba kwaya imebaki kwake.

Wa kwanza kuja ateliye wiki iliyofuata alikuwa Etienne. Aliuliza kama anaweza kujifunza kukanyaga. Nikamwambia amwulize Mwalimu, na kwanza avae suruali ya zamani. Alikwenda. Mwalimu Donati aliongoza kwa mguu ule hadi mguu nao ulipochoka, na nyimbo za Zongwe zikapita kwa Etienne zote, na kutoka kwake kwa wengine. Jumapili mnaziimba, pengine bila kujua zilikuwa karibu kuzama.

Nimetengeneza saa nyingi katika maisha yangu, na nyingi zilikuwa sahihi zaidi kuliko mashine ile. Lakini saa sahihi huwafanya watu waitazame na kukimbia. Hii peke yake niliona watu wakiitazama na kupumua. Kwa hiyo msinicheke nikiketi karibu nayo.

Siku moja mtaitwa kuitengeneza, maana ngozi inachakaa na kebo inazeeka. Utakuta kanyagio limelika upande wa kidole gumba; usilibadilishe, huo ni mguu wa Mwalimu. Tia tone moja la mafuta kwenye egemeo, si zaidi. Badilisha ngozi ikiwa imekauka. Kisha, kabla ya kuigusa kebo, mwite anayeongoza kwaya, mwambie aketi akanyage mwenyewe wimbo mzima hadi mwisho; wewe keti benchi la nyuma, angalia mguu wake, na usimweleze kitu.